Biskwi ya chumvi ilitangulia ile ya sukari

Ukisema "biskwi" hapa kwetu Bukavu, kila mutu anawaza kitu ya sukari, ile ya paketi batoto wanakula wakitoka ku masomo. Ukiwapa wageni biskwi ya chumvi, tangawizi na pilipili pamoja na chai ya saa kumi, mwenye adabu atanyamaza, mwingine atakuuliza kama sukari iliisha mu nyumba. Hata kama wanashangaa, historia iko upande wako.

Tuanze na jina. Biskwi inatoka mu Kilatini, maana yake "iliyopikwa mara mbili". Mukate wa kawaida unabeba maji mengi, njo maana kisha siku chache unaota ukungu. Ukiurudisha ku moto mpaka ukauke kabisa, unakaa miezi. Ni mambo ileile tunajua mu kuhifadhi mahindi na maharagi: pale maji inapungua, ukungu unakosa maisha. Mu karne ya 17, baharia wa jeshi la maji la Uingereza alikuwa na haki ya ratili moja ya biskwi kila siku, ni kusema karibu gramu 450. Ilikuwa unga na maji, pengine na chumvi kidogo. Ngumu kama kigae! Walikuwa wanailoweka kwanza ndipo meno iweze. Sukari haikuwamo, sababu wakati ule sukari ilikuwa ya matajiri.

Utamu wa viungo ulitoka upande mwingine wa bahari. Mu Surat, bandari kubwa ya Gujarati huko India, kampuni ya Waholanzi ilifungua nyumba ya biashara mwaka 1616. Wenyeji wa Surat wanasimulia kama Waholanzi walipoondoka, tanuru yao ilibaki mu mikono ya muokaji Mparsi, Dotivala. Wazungu wa kununua mikate walikuwa wamebaki wachache, mikate ikawa inalala, ikakauka. Kumbe watu wa mji waliipenda ile iliyokauka kuliko ile laini! Akaanza kuikausha kwa kusudi. Masimulizi ya aina hiyo yananogeshwa kila yanaporudiliwa, lakini biskwi za Surat ziko mpaka leo: zenye siagi, chumvi, jira, pilipili manga, na zile mbegu ndogo za ajwaini ambazo harufu yake inafanana na dawa ya kikohozi. Watu wanazichovya mu chai.

Sasa angalieni vile jambo hili linatukaribia. Wafanyabiashara wa Gujarati na wa Kachi, jirani yake, walijaa Zanzibar mu karne ya 19, wakati karafuu ilikuwa inatajirisha kisiwa. Mumoja wao, Tharia Topan, njo alimukopesha Tippu Tip mali ya kuendesha misafara yake. Na Tippu Tip alifika Kasongo, mu Maniema yetu, akatawala pale. Misafara ile ilileta bunduki na utumwa, hatuwezi kuisifu. Lakini ilileta pia Kiswahili hiki ninaandika, na muchele, ambao Maniema inalima mpaka leo.

Ngano, hapana. Tabora, mu Tanzania ya leo, Waarabu waliilima, wasafiri wa wakati ule waliandika. Maniema ni chini, joto na unyevu kila siku. Pale ngano inashikwa na kutu na ukungu kabla ya kuzaa vizuri. Muchele ulishinda. Njo maana, kwa mawazo yangu, viungo na lugha vilipita lakini tanuru ya biskwi haikupita. Watu wanasema "haiko desturi yetu" kama vile bibi zetu walikaa wakaamua. Ni hewa na udongo viliamua!

Biskwi tuliyoipata sisi ilikuja baadaye, kutoka ku viwanda. Mwaka 1886, Louis Lefèvre-Utile wa Nantes, mu Ufaransa, alitengeneza petit beurre yake, na wakati huo sukari ilikuwa imeshuka bei mu Ulaya. Mubelgiji alileta tabia hiyo, akapanda chai ku milima ya Kivu. Chai ikawa yetu, ikavunwa na mikono ya watu wetu, lakini kitu cha kukula nayo kikabaki cha kununua mu duka.

Na hapo njo kuna shida ya kweli. Inchi yetu inanunua inje karibu ngano yote inayokula. Kiasi kidogo kinalimwa mu baridi ya Lubero na milima mingine ya Kivu. Mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipopandisha bei ya ngano duniani, mukate wa mu kartie yetu ulipungua ukubwa na bei haikushuka. Mukate unahitaji gluteni, ile inayovutika kama mupira na kushika hewa, na muhogo hauna. Ukizidisha muhogo, mukate unalala chini. Lakini biskwi haitaki kuvimba! Gluteni ikipungua, inavunjika vizuri zaidi mu kinywa.

Nyumbani tunafanya hivi: vikombe 2 vya unga ya ngano, kikombe 1 cha unga ya muhogo, kijiko kidogo cha chumvi, kijiko kikubwa cha tangawizi iliyosagwa, pilipili manga, jira kidogo kama iko. Sugua na nusu kikombe cha margarini mpaka ifanane na muchanga, ongeza maji ya baridi kidogo kidogo mpaka ishikane. Sukuma iwe nyembamba, kata, toboa na kanya ili mvuke utoke. Kama hauna furu, tia muchanga mukavu mu sufuria kubwa, weka sahani ya chuma juu, funika, na makala chini na juu ya kifuniko. Kisha dakika 20 anza kuangalia. Ikibaki laini katikati, irudishe ku moto mudogo: ni ile mara ya pili ya mabaharia.

Ila muangalie unga wenyewe. Muhogo muchungu uko na sumu ya sianidi, na joto la sufuria halitoshi kuirekebisha kama haikulowekwa. Mununue kwa mama mwenye mnajua analoweka siku tatu ao ine na kuanika vizuri. Unga yenye ilikimbizwa, hata ikiwa nyeupe namna gani, muiache ku soko.