Divai nyekundu ya Australia: juu ya nini chupa ya zamani inauzwa bei ya nyumba

Kwa wengi kati yetu, divai ni ile ya Misa, ao ile ya boksi yenye inafunguliwa siku ya arusi. Lakini Australia kuko chupa zenye watu wanashindania kwa pesa nyingi. Mwaka 2021, chupa moja ya mwaka 1951 iliuzwa kwa mnada zaidi ya dola 150 000 za Australia, ni kusema zaidi ya dola 100 000 za Marekani.

Divai hiyo inaitwa Grange, ya kampuni Penfolds, katika jimbo la Australia Kusini. Mwenye aliianzisha ni Max Schubert. Mwaka 1950, akiwa safarini Ulaya kwa kazi ya kampuni, alipitia Bordeaux, Ufaransa, na kule wakamuonjesha divai za miaka 40 na 50 zenye zilikuwa bado nzuri. Akarudi na wazo la kufanya ya kwao. Zabibu za Bordeaux zilikuwa chache Australia, basi akatumia aina ya shiraz, na kuweka divai ndani ya mapipa mapya ya mbao.

Shida ni kwamba divai ya namna hii ikiwa changa ni kali, inakausha kinywa. Wenye walionja hawakuipenda. Mmoja alisema ina ladha ya sisimizi waliopondwa! Mwaka 1957 wakubwa wa kampuni wakamuamuru aache. Schubert hakuacha. Aliendelea kwa siri mwaka ule, na 1958, na 1959, akificha divai chini ya ardhi. Mwaka 1960, zile za kwanza zikiwa zimekomaa, wakubwa walionja tena na kumwambia aendelee.

Ndani ya chupa, ule ukali, wenye unatoka kwa tanini za ngozi ya zabibu na za mbao, unapunguka polepole. Rangi inaenda kuwa kama ya tofali, na masimbi inabaki chini. Lakini hiyo ni kwa divai chache tu, tena zenye zimelazwa mahali pa baridi na giza. Ile yetu ya boksi ukiiweka kabatini miaka kumi, utakuta siki.

Bei nayo inapanda kwa sababu rahisi: chupa za mwaka 1951 hazitatengenezwa tena. Zilikuwa za majaribio, nyingi ziligawiwa bila kuuzwa. Kila moja yenye inafunguliwa inapandisha bei ya zile zinabaki. Njo maana leo wengi wanazinunua ili wauze tena, hawana mpango wa kunywa. Kwa maoni yangu, Schubert alihatarisha kazi yake kwa ajili ya kinywaji, haikuwa kwa ajili ya kufungia chupa kama dhahabu.

Chupa kama hii iliangusha hata kiongozi. Barry O'Farrell, mkuu wa serikali ya jimbo la New South Wales, aliulizwa na tume ya kupiganisha rushwa kama alipokea zawadi ya Grange ya 1959, moja ya zile za siri, yenye bei ya karibu dola 3 000. Akasema hapana. Kesho yake ikaonekana barua ya shukrani yenye aliandika kwa mkono wake. Alijiuzulu Aprili 2014. Tume haikumkuta na kosa la kudanganya makusudi. Yeye alisema alisahau.

Tusifikiri lakini kwamba walimaji wa zabibu wote wanatajirika. Kuanzia mwisho wa 2020, China, mnunuzi mkubwa, iliweka ushuru wa zaidi ya asilimia 100 juu ya divai ya Australia, na kuuondoa Machi 2024 tu. Divai ya kawaida ikajaa katika matanki, bei ya zabibu ikaanguka, wengine wakang'oa mizabibu yao. Na ni katika miaka hiyo hiyo njo ile chupa ya 1951 ilifikisha bei yake.

Wenye kuwa na chupa za Penfolds zenye zimepita miaka 15 wanaweza kuzipeleka kwa wataalamu wa kampuni. Wanafungua, wanaonja kidogo, wanajazia penye pamepunguka, wanaweka kizibo kipya na cheti. Yenye imeharibika haipati cheti.