Land Rover ya Kale na Mikono Inayoifufua

Motokari nyingi huzeeka na kufa, na mifupa yake huachwa nyuma ya nyumba mpaka kuku wakaitagia mayai. Lakini ipo moja ambayo watu wa nchi nyingi wanakataa kuizika. Ni Land Rover ya zamani, ile yenye umbo la sanduku, ambayo mlango wake hung'oka ukiunyanyua na kioo chake cha mbele hulala juu ya bonneti. Huko Uingereza, Ubelgiji, Australia na penginepo wako watu wa kazi za kawaida, mwalimu, mkulima, karani, ambao huinunua ikiwa imekufa kabisa. Huiburuta hadi nyumbani, huifungua yote mpaka nati ya mwisho, kisha huiunga tena jioni baada ya jioni, miaka miwili, mitatu, pengine kumi.

Sisi tumejiuliza: kwa nini hii, wala si nyingine? Wengine watajibu kwamba ni mapenzi tu. Jibu hilo halitoshi, maana mapenzi hayalegezi nati iliyoshikwa na kutu. Sababu imo katika jinsi motokari hii ilivyozaliwa.

Vita kuu ya pili ilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa imeshinda, lakini ilikuwa maskini. Chuma kiligawiwa kwa kipimo, na serikali ilivitangulia viwanda vyenye kuuza bidhaa zao ng'ambo, ili fedha za kigeni ziingie nchini. Kiwanda cha Rover kilikuwa Solihull, karibu na Birmingham. Zamani kilijulikana kwa motokari za starehe za watu wenye nafasi. Sasa chuma kilikuwa haba, na wanunuzi wa starehe nao walikuwa wachache.

Mkuu wa mafundi wa kiwanda hicho, Maurice Wilks, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, nchi ya Wales. Huko alitumia Jeep ya Willys iliyosalia ya vita. Jeep hizo zilitengenezwa Marekani na viwanda vya Willys na Ford, zaidi ya 600,000, nazo zilipita kwenye matope na mchanga palipowashinda wengine. Lakini ya Wilks ilikuwa imechoka, na katika nchi yake mwenyewe hapakuwa na motokari ya kuipokea kazi yake. Wanasimulia kwamba mwaka 1947, kwenye pwani ya Red Wharf Bay, alichora mchangani umbo la motokari mpya mbele ya ndugu yake Spencer Wilks, aliyekuwa msimamizi wa kiwanda. Ya kwanza ya kujaribia ilitengenezwa kwa shasi ya Jeep, na usukani wake uliwekwa katikati kama wa trekta, ili isiwepo haja ya kutengeneza moja ya kuume na moja ya kushoto. Wazo hilo la usukani liliachwa upesi. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ilionyeshwa kwa watu wote mjini Amsterdam.

Basi tutazame jinsi umaskini ulivyoichonga. Kwa kuwa chuma kilikosekana, mwili wake ulifanywa kwa alumini, mchanganyiko uitwao Birmabright, kwa maana alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi baada ya vita. Kwa kuwa hapakuwa na fedha ya kununua mashini kubwa za kugandamizia mabati, mabati yake yaliachwa bapa, na kona zake zikakunjwa kwa namna rahisi. Shasi yake iliungwa kwa vipande vinne vya chuma vilivyochomelewa vikawa kama bomba la pembe nne. Rangi yake ya kwanza, kijani hafifu, ilikuwa ile iliyosalia katika kazi za ndege za vita. Bei ilikuwa pauni 450, na vitu vingi tunavyovidhani vya lazima vililipiwa mbali. Wakubwa wa kiwanda walidhani kazi hiyo ingewashikilia kwa miaka michache tu, hadi motokari za starehe zirudi sokoni. Kumbe mwaka 1976 ilitoka Land Rover ya milioni moja, na ya mwisho wa ukoo ule, iliyokwisha kupewa jina la Defender, ilitoka Solihull tarehe 29 Januari 2016.

Wasomaji wameona sasa? Bati bapa hunyooshwa na mtu mwenye nyundo na gogo. Mwili uliofungwa kwa bolti hufunguliwa na mtu mwenye spana. Mkulima wa mwaka 1948, aliye mbali na garaji, ilimpasa ajitengenezee mwenyewe, na walioichora walimfikiria yeye. Hao wa leo, wanaoifungua nyuma ya nyumba zao, wanaingia kwa mlango uleule uliofunguliwa kwa ajili ya mkulima.

Lakini ina ugonjwa wake, nao ni wa kudanganya. Alumini haishikwi na kutu nyekundu, kwa hiyo motokari ya miaka 60 huweza kuonekana nzima kwa nje, huku shasi iliyo chini yake imeliwa. Matope na maji huingia ndani ya lile bomba la pembe nne, hukaa humo, na chuma huoza toka ndani kwenda nje. Hali kadhalika ukuta wa chuma unaotenga moteri na viti: huoza penye miguu ya dereva na penye bawaba za milango. Tena kuna jambo ambalo wengi hulistaajabia. Mahali alumini inapogusana na chuma penye unyevu, inayoharibika ni alumini, ikawa unga mweupe. Ndiyo maana fundi mwenye akili haanzi kwa rangi. Hulala chini ya motokari na nyundo ndogo, akaigonga shasi hatua kwa hatua. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilichooza hutoa sauti ya kopo, au nyundo hupenya.

Baada ya hapo huja kazi ndefu isiyo na sifa. Kila waya hutiwa alama kabla ya kung'olewa, kila bolti huwekwa katika kopo lenye jina lake. Nati iliyoshikwa hunyweshwa mafuta na kuachwa usiku kucha. Isipotoka, hutiwa moto. Isipotoka tena, hukatwa. Mwili huinuliwa vipande vipande, kila kimoja chepesi kiasi cha kubebwa na watu wawili, mpaka inabaki shasi tupu. Hapo ndipo mwenyewe huamua: aitie viraka, au anunue mpya? Viko viwanda vinavyotengeneza shasi mpya kwa kipimo kilekile cha zamani, vikaichovya katika zinki iliyoyeyushwa kwa moto wa karibu digrii 450, ikapata ngozi inayozuia kutu ndani na nje.

Wabelgiji, waliotutawala hadi mwaka 1960, nao wanayo hadithi yao hapa. Katika miaka ya 1950 kiwanda cha Minerva cha Antwerp kilipatana na Rover, kikaunga maelfu ya Land Rover kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji. Hata leo hutambulikana mara moja, kwa kuwa mabawa yake ya mbele yameteremka badala ya kuwa ya pembe nne, na mwili wake ni wa chuma. Anayefufua Minerva basi anapigana na kutu pande zote mbili, chini na juu. Tunawastahi sana watu hao kwa subira yao.

Tumekwisha kufika penye ubishi wenyewe. Ikiwa shasi ni mpya, ukuta ni mpya, moteri imetoka katika motokari nyingine, je, hii ni Land Rover ileile ya mwaka 1955? Wengine watacheka wakidhani ni swali la watu wenye nafasi ya kubishana. Sivyo, maana kwa miaka mingi serikali ya Uingereza ililijibu kwa hesabu. Motokari iliyobadilishwa sana ilipewa alama kwa kila kiungo cha asili kilichosalia: shasi alama 5, springi 2, ekseli 2, sanduku la vitesi 2, usukani 2, na moteri 1 tu. Asiyefikisha alama 8 hakuruhusiwa kuendelea na namba ile ya zamani. Shasi mpya iliyokubaliwa ni ile tu ya umbo lilelile, yenye hati ya mnunuzi. Mtu aliyeikata na kuirefusha shasi yake nyumbani, kwa nia njema kabisa, alijikuta amepoteza alama zote 5 kwa msumeno mmoja. Watu waliifanya kazi ya miaka, na mwishoni motokari yao ikahesabiwa kuwa haina wazazi.

Sisi twaona hesabu hiyo ilikuwa na hekima yake. Watu wa kawaida hudhani moteri ndiyo roho ya motokari, lakini walioipanga hesabu walijua kwamba moteri hubadilishwa kama shati, nayo shasi ndiyo yenye namba na uti wa mgongo.

Na je, kuongeza vitu vipya? Hapa pia watu wamegawanyika. Wengine hutaka kila skrubu iwe ya mwaka wake. Wengine hutia kila kitu kipya mpaka kikabaki kivuli tu cha ile ya kale. Twasema kwanza juu ya freni, maana hapo ni uhai wa watu. Land Rover za kale zina freni za ngoma kwenye magurudumu yote, na mafuta ya freni hupita katika njia moja tu. Bomba moja likipasuka, kanyagio huenda hadi chini na motokari haisimami. Kutia njia mbili zinazotengana, ili moja ikifa nyingine ishike, si dharau kwa wazee. Hata kiwanda chenyewe kilifanya hivyo baadaye. Vivyo hivyo taa na mikanda ya viti. Anayekataa haya kwa kuheshimu historia, na huku amepakia watoto, hatuwezi kumsifu.

Juu ya umeme, nyingi za zamani ziliunganisha upande wa chanya wa bateri na mwili wa motokari, kinyume cha desturi ya leo. Anayetaka kuondoa dinamo na kutia alternata lazima kwanza augeuze mpango huo, asije akaunguza kila kitu siku ya kwanza. Springi nazo, yale mabamba mengi ya chuma yaliyolazwa moja juu ya lingine, siku hizi zipo za mabamba machache yaliyopunguzwa unene kuelekea ncha, na mgongo wa dereva hushukuru. Wengi pia huitoa moteri ya esanse na kutia ya mazutu iliyotoka katika Land Rover za baadaye. Hilo twalikubali kwa motokari ya kazi, mradi ile ya asili itiwe mafuta na kutunzwa, isitupwe. Lakini sanduku la vitesi la kale, ambalo vitesi vyake viwili vya kwanza havikubali bila dereva kukanyaga klachi mara mbili, sisi tungeliacha lilivyo. Mtu ajifunze. Kiwanda kililainisha vitesi vyote vinne mwaka 1971, na tangu hapo madereva wengi wameusahau ufundi huo.

Kwetu Kongo kazi hii haina jina la fahari. Fundi wa kando ya barabara anayechomelea shasi iliyopasuka huiita kutengeneza tu, kwa sababu mzigo wangoja. Tofauti ni kwamba kwa Mwingereza motokari ikichelewa mwaka mzima hakuna anayelala njaa.

Zipo mbili zilizofufuliwa ambazo kila mwenye kazi hiyo huzitaja. Ya kwanza ni mojawapo ya zile zilizoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Ilitoka barabarani katika miaka ya 1960, ikasimama miaka 20 katika shamba la Wales ikitumiwa kama mashini ya kutoa nguvu tu, kisha ikapotea machoni pa watu. Ilipatikana katika bustani, maili chache tu kutoka Solihull ilikozaliwa. Mwaka 2018 kampuni ilitangaza kuifufua, na mafundi wakaazimia kuihifadhi ile rangi ya kijani hafifu pamoja na makovu yake, wasiifunike kwa mpya.

Ya pili iliitwa Oxford. Pamoja na mwenzake Cambridge iliondoka London tarehe 1 Septemba 1955 na wanafunzi sita, ikafika Singapore mwezi Machi 1956, safari ya nchi kavu ambayo wengi walidhani haiwezekani. Baadaye ilipelekwa katika visiwa vya bahari ya Atlantiki, ikabaki St Helena ikioza kwa hewa ya chumvi. Mwaka 2017 ilirudishwa Uingereza, ikatengenezwa, na mwezi Agosti 2019 ikawashwa Singapore ili irudi London kwa magurudumu yake yenyewe. Mmoja wa wale wanafunzi sita, Tim Slessor, aliyekuwa sasa mzee wa miaka zaidi ya 80, alikwenda Singapore tayari kwa safari. Ugonjwa ukamzuia. Kiti chake alikikalia mjukuu wake, na motokari ikaingia London mwezi Desemba.