Ukomamwezi, Si Usitishaji wa Hedhi

Katika karatasi za mafunzo ya afya zinazosambazwa huku kwetu Kivu Kaskazini limeingia neno ambalo siwezi kulinyamazia: usitishaji wa hedhi. Limekusudiwa akina mama wa Masisi na Walikale wanaofikia umri ambao mwezi huacha kuja. Waliolipitisha ni watu wa vikao, nami sitawataja. Lakini neno lao lina kosa linaloweza kumgharimu mwanamke uhai, na kosa la namna hiyo halifutiki kwa sababu wajumbe waliliinulia mikono.

Kusitisha ni kukisimamisha kitu kwa muda. Mwenye kusitisha yupo, na siku akitaka atakiachilia. Tena kwa watu wa Masisi na Walikale neno hili si geni: redio imewazoesha kulisikia pamoja na mapigano. Wakazi wa Sake, Kitchanga na Pinga wamesikia mara nyingi usitishaji wa mapigano ukitangazwa, kisha wakafunga tena mizigo na kukimbia. Kwa masikio yao, kilichositishwa ni kitu kitakachorudi. Basi mama aliyemaliza mwaka na zaidi bila kuona damu, akaiona tena, atasema ilikuwa imesitishwa na sasa imerejea. Atatulia nyumbani. Kumbe damu hiyo ndiyo inayotakiwa kupelekwa kwa daktari upesi, kwa kuwa yaweza kuwa dalili ya saratani ya mlango wa kizazi au ya ukuta wa mfuko wa uzazi.

Wapo wengine wanaosema ukomo wa hedhi, au kukoma hedhi. Hao wamefika nusu ya njia, na nusu hiyo nawapa heshima yake. Hedhi ni neno la Kiarabu lenye asili ya kutiririka, na pwani limekaa vizuri: linafahamika msikitini, katika sheria ya eda na nyumbani. Lakini katika milima ya Masisi na misitu ya Walikale mwanamke haoni hedhi; anaona mwezi. Ukimuuliza kuhusu hedhi atamtazama muuguzi amfasirie. Muuguzi naye atampa menopoze, Kifaransa alichokichukua chuoni, na mama atarudi kwake na maneno mawili asiyoyajua badala ya moja.

Hapo ndipo inapofaa tuchimbe mizizi, kazi ambayo watu wa vikao hawajaifanya. Istilahi ya Kifaransa yenyewe ilitungwa na mtu mmoja, tabibu Charles-Pierre-Louis de Gardanne. Mwaka 1816 aliandika ménespausie. Mwaka 1821 akalifupisha kuwa ménopause. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la mwezi na jingine la kukoma. Mwezi! Wagiriki waliuhesabu mwili wa mwanamke kwa mwezi, na lugha za Kibantu zilifanya vivyo hivyo bila kuazima kwao. Kiswahili kina neno moja kwa mwezi wa angani na mwezi wa kalenda. Kinyarwanda, kinachosemwa na wengi Masisi, nacho kina ukwezi kwa maana zote mbili. Kwa hiyo anayeweka hedhi mahali pa mwezi amekwenda mbali na asili ya istilahi anayodai kuitafsiri, na wakati huohuo amekwenda mbali na kinywa cha mama wa Nyabiondo kule Masisi. Waarabu nao huuita umri huu kwa jina la kukata tamaa, sinn al-ya's. Jina hilo lina historia yake katika lugha yao, lakini sisi hatuna sababu ya kumwambia mwanamke wa miaka 50 kwamba tamaa imemkatikia.

Basi mwezi ubaki. Na kitenzi kiwe koma. Kukoma ni kufika mwisho, wala si kusimama kwa muda. Jirani yake katika kamusi ni komaa, kupevuka, na sikio la Mswahili haliwezi kuyasikia mawili haya bila kuyakaribisha pamoja. Tena Kivu yetu inasikia Lingala kila siku, na katika Lingala kokoma ni kufika, ni kuwa. Kumaliza, kupevuka, kufika: maana zote tatu zinamstahi mwanamke, na hakuna hata moja inayomtangaza kuwa mgonjwa. Ndiyo maana natetea ukomamwezi, neno moja lisilotenganishwa.

Niliwahi kulipeleka wazo hili mbele ya kikao. Nilijibiwa kwamba mwezi ni lugha ya jikoni, na kwamba ukomo wa mwezi utadhaniwa mwisho wa mwezi, siku ya mshahara. La pili ni hoja, na ndiyo sababu niliunganisha: ukomo wa mwezi ni jambo la kalenda, ukomamwezi ni jambo la mwili. Wanaokubali kipimajoto na kinasasauti wasishtuke kitenzi kikishikana na jina. Na anayesema mwanamke amekoma hedhi ameshaikubali sarufi yangu. Amebakiza kubadilisha nomino. Hilo la jikoni silijibu kwa hasira, ingawa liliniudhi. Mwanamke huzungumza habari za mwili wake mahali anapoaminiana na wenzake, na istilahi isiyoweza kuingia mahali hapo haijazaliwa.

Kwa matumizi, yatosha haya. Ukomamwezi unathibitika baada ya miezi 12 mfululizo bila damu, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55. Miaka ya kabla yake, mwezi unapoanza kurukaruka, joto likapanda ghafla na usingizi ukapotea, tuiite kuelekea ukomamwezi. Joto hilo laweza kudhaniwa malaria, basi lipimwe. Baada yake homoni ya estrojeni ikiwa imepungua mifupa hudhoofika na moyo huhitaji uangalizi: maziwa, samaki wadogo wa sambaza, maharage, mwili usiokaa bure, na shinikizo la damu lipimwe. Neno hili lisitumiwe kwa mwezi uliokatika kwa sababu ya njaa, mimba au sindano ya uzazi wa mpango.

Onyo hilo la mwisho lina uzito kwetu. Mwezi ilikatika, ndivyo wanavyosema wanawake, na msemo huo unabeba yote: binti aliyekonda baada ya kukimbia vita, mama wa miaka 46 ambaye kumbe ana mimba, na bibi aliyemaliza uzazi. Lugha ya kawaida ina haki ya kuyachanganya, istilahi haina. Mhudumu wa afya akiandika amekatika mwezi, anayempokea mgonjwa hajui amwulize habari za chakula, ampime mimba, au amweleze umri wake. Akiandika yuko katika ukomamwezi, anayempokea anajua kwamba tone lolote la damu kuanzia siku hiyo ni sababu ya kumpeleka hospitali. Wenye vikao na wakae tena, waifute ile karatasi kabla haijafika Walikale yote.