Rubani Asiyekufa

Mchezo wangu wa kwanza wa vita ulikuwa na kasoro moja kubwa: ulikuwa haushindwi kamwe kukupa ushindi. Ungeweza kurusha dadu tangu Jumatatu hadi Jumapili, na bado ndege yako ingerudi uwanjani salama, wenye ndege wakanywe chai.

Ni mchezo wa mezani, wa mtu mmoja. Vifaa nilivipata Soko la Kibuye: katoni ya viatu, vizibo vya soda vya kutumia kama kete, dadu mbili kutoka kwa ludo iliyopoteza ubao wake. Ukikosa kitu Kibuye siku ya Jumapili, pengine hicho kitu hakijatengenezwa bado. Vifaa havikunisumbua. Kilichonisumbua ni hesabu, na hesabu ikanipeleka kwa historia.

Wazo nililitoa kwa mchezo wa Marekani unaoitwa B-17, Queen of the Skies, uliobuniwa na Glen Frank na kusambazwa na kampuni ya Avalon Hill mwaka 1983. Unaongoza ndege moja yenye watu 10, kutoka Uingereza kwenda kudondosha mabomu Ulaya iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Huna mpinzani mbele yako. Mpinzani ni majedwali: unarusha dadu, unasoma jedwali, linakwambia ndege ngapi za adui zimekuja, risasi imepiga bawa au imempiga mtu. Lengo ni safari 25. Watu wako unawaandika majina kwenye karatasi, na hapo ndipo unanaswa. Kufika safari ya sita unaogopa kurusha dadu kwa sababu ya jina uliloliandika mwenyewe.

Mchezo huo unakaza kwa sababu historia yenyewe ilikaza. Katika kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza, Bomber Command, watu kama 125,000 walihudumu kwenye ndege na 55,573 walikufa. Hebu fanya hesabu. Tuseme kila usiku zinapotea ndege 4 kwa kila 100. Inaonekana kidogo, sivyo? Lakini zamu moja ilikuwa safari 30. Zidisha 0.96 kwa yenyewe mara 30 na unabaki na 0.29. Yaani kati ya marubani 100, wanaomaliza ni 29 hivi. Mbunifu wa mchezo hana haja ya kuongeza chumvi hapo.

Mimi nilitaka mchezo wa mabomu ya hapa kwetu. Na yapo.

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 na Gavana Evelyn Baring. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikaanza kuipiga misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kutoka angani. Kwanza zilikuja Harvard, ndege ndogo za mafunzo zilizofungwa bunduki na mabomu ya ratili 20, kama kilo 9 kila moja. Zilikuwa za kikosi nambari 1340 na ziliruka kutoka Thika, baadaye Mweiga karibu na Nyeri. Novemba 1953 zikaja Lincoln, madege ya injini nne, wadogo wa ile Lancaster iliyoipiga Ujerumani. Hizo zilikaa Eastleigh, Nairobi, kwenye uwanja ambao baadaye ulikuwa kambi ya Jeshi la Anga la Kenya. Zilibeba mabomu ya ratili 500 na 1,000. Waingereza walikuwa wakizitumia Malaya pia, kwa vita vya aina hiyo hiyo: ndege juu, msitu chini.

Basi nikakaa chini na kuandika majedwali. Ndege za adui zinazomshambulia rubani: hakuna. Mizinga ya kutungulia ndege: hakuna. Wapiganaji wa Mau Mau walikuwa na bunduki chache walizonyang'anya, na nyingine walizojiundia kwa mabomba ya maji na makomeo ya milango. Hatari ya rubani ilikuwa mawingu, injini, na mlima wenyewe, maana Nyandarua inafika mita 4,000. Nikaweka hatari hiyo: ukipata mbili kwa dadu mbili, kuna shida ya injini. Nikacheza. Nikashinda. Nikacheza tena, nikashinda tena. Manze, hata ludo ina maumivu kuliko hiyo.

Nikafanya kile ambacho mbunifu yeyote mchanga angefanya: nikaanza kusawazisha. Nikawapa wapiganaji bunduki zaidi. Nikafanya ukungu uue. Baada ya wiki mbili mchezo ukawa mtamu kweli, nusu kwa nusu, unashinda, unashindwa. Nikaupeleka kwa mzee mmoja anayeuza vitabu vya mitumba, mwalimu mstaafu, ambaye huwa hachoki kukosoa.

Akacheza kimya, miwani puani. Mwishowe akauliza, "Kijana, hizi bunduki zote walizitoa wapi?"

"Ni za kusawazisha tu, mwalimu. Bila hizo rubani hawezi kushindwa."

Akanyoosha kidole upande wa wauza nafaka. "Unajua ile gorogoro iliyobonyezwa chini? Ukiiangalia kwa juu imejaa."

Sikuwa na jibu. Mchezo wangu ulikuwa umejaa kwa juu. Mtu angeucheza na kuondoka akiamini kwamba vita vya Nyandarua vilikuwa vya nguvu sawa, rubani na mpiganaji kila mmoja na nafasi yake. Kumbe usawa ndio uliokuwa uongo. Na hakuna mahali nilipoandika uongo huo kwa maneno. Niliuandika kwa namba, na namba za mchezo mchezaji hazibishii, anazitii tu.

Nikaugeuza. Mchezaji akatoka angani akaingia msituni, na ndege ndiyo ikawa jedwali. Hapo kila kitu kikakaa mahali pake. Kwenye mchezo wa mtu mmoja adui hana uso, anakuja kama mvua, na ukiwa chini ya mianzi na Lincoln inapita juu ya mawingu, ndivyo ilivyokuwa. Huwezi kumjibu. Kazi yako ni kuamua mambo madogo: upike usiku au mchana, maana moshi unaonekana, uhame au ubaki, kundi likae pamoja au ligawanyike.

Lakini tatizo la namba likarudi kwa mlango wa nyuma. Mabomu mengi yaliangukia msitu mtupu. Kwa wingi wa vyuma vilivyodondoshwa, waliouawa walikuwa wachache, na wakubwa wa Waingereza wenyewe walibishana kama kazi hiyo ina faida. Kwa hiyo nikaweka kwamba bomu linaipata kambi pale tu unapopata 12, yaani mara moja kwa 36. Wachezaji wakaanza kupuuza ndege. "Si ni moja kwa thelathini na sita," beshte yangu akasema, akawasha moto mchana.

Mwambie arudie mara 30. Nafasi ya kupita mashambulizi 30 bila kupigwa hata mara moja ni kama 43 kwa 100. Zaidi ya nusu ya makambi yatapigwa angalau mara moja. Namba ndogo ikirudiwa inakuwa maisha yako yote, na hilo huwezi kulijua kwa kuangalia dadu moja.

Kisha kuna yale ambayo bomu hufanya hata likikosa. Karari Njama, aliyekuwa msituni na Dedan Kimathi, alisimulia maisha hayo katika kitabu alichoandika na Donald Barnett, kilichotoka 1966. Msitu ulikuwa na ndovu, vifaru na nyati, na mnyama aliyejeruhiwa na bomu ni hatari kuliko bomu lenyewe. Kambi inahamishwa, chakula kilichofichwa kinaachwa, watu wanapotezana. Sasa katika mchezo wangu shambulio lililokosa linakugharimu chakula au linakuhamisha kisanduku kimoja. Hakuna aliyekufa, lakini ukihesabu nafaka zako unaona umeishiwa.

Na hapo, kwenye safu ya chakula, ndipo nilipogundua ni nini hasa kinachomshinda mchezaji. Lincoln ziliondoka mwaka 1955, na kikosi cha Harvard kikavunjwa mwaka huo huo. Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Ndege ziliondoka kwanza, msitu ukaanguka baadaye. Kilichouangusha kilikuwa chini: zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu kwenye vijiji vya kulindwa, handaki refu likachimbwa ukingoni mwa msitu kwa kazi ya lazima, na wapiganaji waliokamatwa wakageuzwa kuwawinda wenzao. Wale wanawake waliokuwa wakipeleka chakula usiku hawakuweza kupita tena. Kwa hiyo jedwali la kuogopwa zaidi kwenye mchezo wangu halina ndege hata moja. Linaitwa Kijiji, na kila mwaka wa mchezo ukipita linakupa chakula kidogo zaidi.

Kuna kadi pia za karatasi zilizomwagwa na ndege, na sauti za vipaza sauti kutoka angani zikiwaita watu watoke. Agosti 1953 walioshika tawi la kijani waliahidiwa kwamba wakijisalimisha hawatanyongwa kwa kubeba silaha tu. Mchezaji anaweza kutoka. Mchezo hauishi hapo, unahamia kambi za kizuizini.

Niliporudi kwa mwalimu na toleo hili, alicheza hadi jioni. Kundi lake likaisha chakula, akachagua tawi la kijani, akavuta kadi ya kambi. Ikamwangukia Saiyusi. Akaishika muda mrefu.

"Saiyusi ni ya huku," akasema.

Ni kweli. Saiyusi na Mageta, visiwa vya Ziwa Victoria, vilikuwa kambi za wafungwa wa Mau Mau. Mageta unaifikia kwa boti kutoka Usenge. J. M. Kariuki alifungwa Saiyusi na aliandika juu yake katika kitabu chake cha 1963. Halafu kuna Achieng Oneko, mtu wa Nyanza, aliyekamatwa usiku ule ule wa Oktoba 1952 na kuhukumiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta. Sisi wa ziwani tumezoea kusema ile ilikuwa vita ya watu wa mlimani. Nilisema hivyo pia, hata nikichora ramani.

Mwalimu akaurudisha ubao kwangu. "Nionyeshe Saiyusi iko wapi hapa."

Ubao wangu ulianzia Mlima Kenya na kuishia Naivasha. Magharibi ya hapo kulikuwa na ukingo wa katoni.

Jumapili iliyofuata nilinunua katoni nyingine Kibuye, nikaigundisha upande wa kushoto, nikachora ziwa na visiwa viwili. Ubao sasa hautoshi kwenye meza yangu. Ukicheza kwangu, upande wa Nyandarua unakaa mezani na upande wa ziwa unaushikilia kwa magoti.