Joginder Singh: Fundi wa Kericho Aliyewatoa Jasho Wazungu

Wadau, leo tuweke siasa pembeni tuzungumze magari. Ila nitaanzia mbali kidogo na mashindano: Nachingwea, mkoani Lindi.

Wengi wetu tulisoma shuleni habari za mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta ya kila aina, mengine yakiwa yametokana na vifaru vya Sherman vilivyobaki baada ya vita. Kule Kongwa udongo ukikauka unakuwa mgumu kama saruji, mvua nazo hazikufuata kalenda ya London. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na karibu pauni milioni 36 zikawa zimeyeyuka. Kilichokosekana pale hakikuwa mashine wala fedha. Alikosekana mtu anayeujua udongo.

Miaka miwili tu baadaye, 1953, walowezi wakaanzisha mashindano ya magari ya Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Njia ilikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, maelfu ya kilomita za vumbi na matope. Baadaye yakaitwa East African Safari, yakawa yanafanyika Pasaka, yaani masika yenyewe. Mwaka 1963 na mwaka 1968 yalimaliza magari saba tu. Saba!

Hapo ndipo anapoingia Joginder Singh. Alizaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932, mtoto wa Kalasinga mwenye gereji. Alikulia kwenye grisi. Aliwahi pia kufanya kazi ya doria katika chama cha wenye magari, kazi ya kuwakwamua waliokwama njiani. Kwa hiyo kabla ya kuanza mashindano, akiwa na miaka 26 hivi, alishajua gari linafia wapi na kwa nini.

Mwaka 1965 aliingia Safari na mdogo wake Jaswant, ndani ya Volvo PV544. Naomba mlielewe hilo gari: lilikuwa la mtumba! Timu ya kiwanda ilikuwa imeshalitumia. Kalasinga wawili, gari la mtumba, dhidi ya timu za viwanda vya Ulaya. Wakashinda.

Msidhani wapinzani walikuwa wa kubahatisha. Erik Carlsson wa Sweden alishinda Monte Carlo mwaka 1962 na 1963, lakini Safari aliishia nafasi ya pili mwaka 1964. Kwa karibu miaka ishirini kila bingwa wa Safari alikuwa mkazi wa Afrika Mashariki. Hata Bert Shankland, aliyeshinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, alikuwa Mskoti aliyekuwa akiishi hapa Tanzania. Mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda ni Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972.

Siri ilikuwa nini? Nilipokuwa kusini kikazi wakati wa masika, nilipanda basi kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa. Tulipofika kwenye dimbwi moja kubwa, dereva alizima injini, akashuka, akakunja suruali na kuingia majini kwa miguu. Abiria mmoja akaanza kulalamika kwamba tunachelewa. Dereva hakumjibu. Alirudi, akapita pembeni kabisa, tukavuka. Mbele kidogo tulilikuta lori lililopita katikati. Lilikuwa bado limekaa.

Huo ndio ulikuwa udereva wa Joginder. Aliingia Safari mara 22, akamaliza mara 19. Kwenye mashindano ambayo wengi huishia mtaroni, hiyo si bahati. Hakuliua gari asubuhi ili aonekane shujaa mchana. Mwaka 1974, mvua ikimwagika, alishinda tena kwa Mitsubishi Lancer ndogo, nyuma yake akiwa Björn Waldegård na Porsche. Mwaka 1976 akashinda mara ya tatu, Mitsubishi zikashika nafasi zote tatu za juu. Hakuna aliyekuwa amewahi kufikisha ushindi mara tatu kabla yake. Wakenya wakamwita Simba.

Katikati ya miaka ya 1970 njia ya Safari ikabaki Kenya peke yake, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika. Joginder alifariki London mwaka 2013. Leo kijana wa Dar atakutajia madereva wote wa Formula One, lakini ukimuuliza Joginder ni nani, anadhani ni mwenye duka la vitambaa.

Mimi naona hasara yetu ni kubwa kuliko kusahau jina. Wakubwa wa mradi wa karanga walidhani ujuzi unakuja na meli. Joginder alionyesha kwamba ujuzi ulikuwapo hapahapa, gerejini, kwa mtu mwenye mikono michafu. Na bado mradi ukija wilayani, anasikilizwa kwanza mwenye tai na kompyuta, kisha dereva aliyepita njia ile miaka ishirini anaitwa baadaye, kuja kukwamua gari la mtaalamu.

Haya wadau, kijijini kwenu nani anaujua udongo? Na nani aliwahi kumuuliza?