Namba za wateja zinaharibika ukizifungua kwenye Excel? Fanya hivi

Umetoa orodha ya wateja kwenye simu au kwenye mfumo wa mauzo, ukapata faili la CSV. Ukilifungua kwenye Excel, namba iliyoanza na 07 sasa inaanza na 7. Ile ya 255 imegeuka kuwa 2.55712E+11. Ukitumia orodha hiyo kutuma ujumbe wa ofa, wateja hawaupati.

Kwa nini inatokea?

CSV ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato: jina, namba, baruapepe. Excel ikikuta tarakimu tupu inadhani ni hesabu. Kwenye hesabu sifuri ya mwanzo haina kazi, kwa hiyo inaiondoa, pamoja na alama ya kujumlisha. Namba ikifika tarakimu 12, kama zetu zenye 255, inaifupisha.

Ubaya ni huu: ukihifadhi faili hilo likiwa bado CSV, kinachobaki ni kile kifupi ulichokiona. Tarakimu nyingine zimeondoka moja kwa moja. Ndiyo maana kabla ya yote, weka nakala ya faili la awali pembeni na usiiguse.

Hatua za kufuata

1. Kama namba ziko Google, ingia contacts.google.com kwa kompyuta, chagua "Export" kisha "Google CSV". Ukitoa kwa programu ya simu utapata faili la VCF, ambalo halikai vizuri kwenye jedwali.

2. Kwenye Google Sheets, fungua jedwali tupu, nenda "File", kisha "Import", pakia faili. Kabla ya kumalizia, ondoa tiki kwenye "Convert text to numbers, dates, and formulas".

3. Kwenye Excel ya kompyuta, usilibofye faili mara mbili. Fungua jedwali tupu, nenda "Data", chagua "From Text/CSV". Kwenye "Data Type Detection" weka "Do not detect data types", halafu "Load".

Hakikisha kabla ya kutuma

Kama namba ziko safu ya B, andika =LEN(B2) pembeni, kisha ivute hadi chini. Namba ya 07 isiyo na nafasi katikati italeta 10, ya 255 italeta 12, ya +255 italeta 13. Ikileta 9, sifuri imedondoka; irudishe kwa ="0"&B2.

Ukiona alama ::: katikati ya namba, usishtuke. Mteja huyo ana namba mbili, na Google imeziweka pamoja. Zitenganishe.

Ukipanga majina kwa alfabeti, chagua jedwali zima. Ukipanga safu moja peke yake, jina la mteja mmoja litakaa na namba ya mwingine, na deni la mtu litadaiwa kwa jirani yake.

Usiisambaze ovyo

Majina na namba za simu ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya kwake ya 2019. Jedwali lako la Google lisiwe wazi kwa kila mwenye linki. Mpe ruhusa anayehusika tu, na akiacha kazi, mwondoe siku hiyo hiyo.