Menno Simons (1496–1561)

Menno alizaliwa hapa Witmarsum, Friesland, akawa padri Mkatoliki. Mwaka 1535 Waanabaptisti (Wakristo waliobatiza watu wazima) wenye silaha waliteka monasteri ya Oldeklooster, jirani na hapa, wakauawa kwa wingi. Damu yao ilimtesa: wanyonge walipotoshwa na viongozi wao huku yeye, aliyeziona kasoro za kanisa lake, akiendelea kula raha. Januari 1536 akaacha upadri, akajiunga na Waanabaptisti. Akafundisha kwamba mfuasi wa Kristo hashiki upanga, hata kuitetea imani. Huo haukuwa woga, maana mwaka 1542 Kaisari Karl V aliahidi gilda 100 kwa atakayemkamata, naye akaendelea kuhubiri na kuandika mafichoni. Wamisionari wa Kimennonite, kanisa lenye jina lake, walifika Shirati, Tanganyika, mwaka 1934.